Ramani Inayojua Kwetu

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja juu ya rimu mbili za lori, mbele ya banda la Kiraka, mziba pancha. Kushoto Bi Moto aliuza kahawa. Kulia Hakimu alinyoa watu na kuwahukumu humo humo kitini. Asubuhi hiyo mpeleka vifurushi waliyemwita Kona aliegesha pikipiki yake kubwa, ile iliyotoka kiwandani na kioo cha ramani katikati ya usukani, wala hakushuka. Kioo kilikuwa kimeandika: Ramani yako imepitwa na wakati. Lipia mpya. Bosi wake alikuwa ameyasema hayo hayo kwa ukali zaidi: leo aweke ramani mpya, au kazi apewe mwingine. Fundi wa ramani alikuwa njiani.

— Lipa, mwanangu, alisema Bi Moto. Juzi ulipeleka keki ya harusi kwenye kiwanda cha matofali.

— Ilisema ni ukumbi, mama.

— Ulikuwa ukumbi. Zamani hizo.

— Si utumie simu tu? aliuliza Kiraka.

— Kazini wanatuma anwani humu humu kwenye kioo.

Hakimu alinyoosha mkasi kama anayetoa hukumu.

— Lakini ramani alishainunua pamoja na pikipiki! Mtu unanunuaje shati, halafu kila mwaka unalipia vifungo?

— Ramani huchacha, kama maziwa, alisema Kiraka. Kuna watu wanazunguka mji mzima kwa miguu, wanahesabu kona. Hao wale nini?

— Wacha wee! alisema Hakimu. Kuna jicho huko juu angani. Hela ni ya mafuta ya hilo jicho.

— Petroli au dizeli?

— Cheka tu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ndiyo maana ramani ya huyu inapenda njia za mkato!

Kona alicheka kidogo, macho yasibanduke kwenye kioo. Pale ambapo siku hizi pamepita barabara ya juu, kioo bado kilionyesha kichochoro chembamba kama uzi, na mwishoni mwake alama ya kinyumba: Nyumbani. Aliyeiweka ni mama yake. Siku pikipiki ilipoletwa aliiacha cherehani yake, akabonyeza kioo kwa kidole chenye chaki, akasema, "Ili usije ukajidai umepotea." Mwaka uliofuata nyumba zikavunjwa. Mama akahamia kwa dada yake, mbali, na huko akafariki kabla ya miezi sita kwisha. Tangu hapo Kona hupanda ile barabara ya juu kila akitoka kazini, bila mzigo wowote, asikie tu ile sauti ya ramani ikimwambia katikati ya magari: "Umefika nyumbani."

— Niwape siri, alisema Kiraka akishusha sauti. Wenye ramani ndio wanaohamisha barabara. Wanachora kwanza, tingatinga linafuata mchoro. Bila barabara mpya, nani atawalipa?

— Kwa hiyo tungegoma wote kulipa... alidakia Hakimu.

— Haki ya nani, ile barabara ya juu isingejengwa! alisema Kiraka.

— Na kwa kina Kona pangekuwepo mpaka leo, alimalizia Hakimu, kisha akajuta, akaanza kukifuta kiti kilichokuwa safi.

Bi Moto alimjazia Kona kikombe mpaka kikafurika.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema, kwa kukosa la kusema.

Fundi aliwasili na begi la kompyuta mgongoni, binti wa kama miaka ishirini.

— Shikamooni. Ni hiki kioo?

— Marahaba, mama, aliitikia Bi Moto. Ndicho.

Alichomeka waya. Kona akafunika kioo kwa kiganja.

— Hii ya zamani siwezi kubaki nayo kidogo?

— Mpya inakaa mahali pa ile ya zamani, kaka. Mahali ulipohifadhi, kama njia yake haipo tena, panafutika.

Kona alikiangalia kifurushi cha dawa kilichokuwa kinasubiri nyuma yake. Akaondoa kiganja.

Binti akabonyeza, na wote wakakiinamia kioo kama walio kando ya kitanda cha mgonjwa. Kichochoro kilitetemeka, kikatoweka. Ikabaki rangi ya kijivu, pana na safi.

— Bado kitu kimoja, alisema binti. Inauliza nyumbani ni wapi.

— Andika hapo nyuma ya banda, anapopanga, alisema Hakimu.

— Pale ni kwangu, alisema Kona. Si kwetu.

— Basi kwenu ni wapi, kaka?



— Haiwezi kukaa wazi? aliuliza Kona.

— Inaweza. Ila itakuuliza kila ukiwasha.

Kona alivaa kofia yake ngumu.

— Iache iulize.