Teresiah Wacera na Picha Iliyomshinda

Tuko hapa leo, Jumamosi tarehe 17 Mei 2025, kumsindikiza Teresiah Wacera Wachira, aliyewaambia wengi wenu "inua kidevu" kabla hata ya kuwajua majina. Wasifu huu unasomwa na mpwa wake. Marehemu mwenyewe aliagiza uandikwe hivi ulivyo, kwa hiyo mwenye malalamiko amechelewa.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Agosti 1970 katika mtaa wa Bahati, Nairobi, mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Wachira Gathogo, seremala wa Gikomba, na marehemu Grace Muthoni. Mama yake alipenda kusimulia kwamba alizaliwa macho wazi, akamkazia mkunga mpaka mkunga akaomba radhi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978, akafanya KCPE mwaka 1985, mtihani ulipofanywa kwa mara ya kwanza. Alijiita mtoto wa majaribio. Alifika kidato cha tatu. Baba yake alifariki mwaka 1988 na masomo yakaishia hapo. Hakuna aliyeketi naye kumweleza. Shule zilifunguliwa, na sanduku lake likabaki chini ya kitanda.

Mwaka uliofuata alikwenda kwa mzee Muthama, mpiga picha aliyekuwa na kibanda karibu na karakana ya baba yake. Mzee alimpa kamera isiyo na filamu, akamweka mlangoni kwa miezi mitatu awapige picha wapita njia.

"Huyo umempata?"

"Nimempata, mzee."

"Alikuwa amefumba macho. Rudia."

"Lakini filamu haimo!"

"Ndiyo maana haijapotea."

Ndivyo alivyojifunza kazi. Baadaye mzee alimfundisha kuosha picha kwenye chumba cha giza, kupanga taa mbili zisigombane usoni, na kungoja. Marehemu alisema kungoja ndiyo kazi yenyewe, kwamba mtu akikaa kwenye kiti huleta kwanza uso wa kuomba kazi, na ukimvumilia ataleta wake.

Alifungua studio yake Kariobangi mwezi wa Februari 1996, chumba kimoja chenye pazia la bluu, kiti, na koti moja jeusi la mitumba. Wanaume wa Kariobangi mnalijua hilo koti. Lilikuwa kubwa kwa wengine na dogo kwa wengine, na mgongoni alilibana kwa vibanio vya nguo. Limeingia kwenye barua za kazi, harusi na kaburi, na kuna mazishi fulani ambapo aliyezikwa na mwenyekiti wa kamati walikuwa wamelivaa wote wawili kwenye karatasi moja ya ratiba.

Kwa hilo koti alipata hata mume. Javan Wanyoike, fundi wa vyuma, alipigwa picha mwaka 1997, akarudi kuichukua, akarudi kuuliza kama anaweza kupigwa nyingine, akarudi bila sababu. Marehemu alipeleka ile picha nyumbani. Javan alipofika Bahati na wazee wake, akiwa na sweta, mama mkwe alimtazama juu mpaka chini.

"Huyu si yule. Yule wa koti yuko wapi?"

"Ni mimi, mama."

"Basi nenda ukalivae, urudi."

Alikwenda, akarudi amelivaa na vibanio mgongoni. Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1998, wakabarikiwa watoto wawili, Sally na Jacky.

Mwaka 2014 marehemu alipatikana na ugonjwa wa sukari. Alimeza dawa alipokumbuka na akala chapati bila kusahau. Kufikia mwaka 2021 macho yalikuwa yanakwenda. Hakumwambia mteja yeyote. Alifunga mafundo kwenye kamba, akaiweka kati ya kamera na pua ya mteja, akajua umbali. Alisikiliza kiti, kikiacha kulia, mtu ametulia. Aliuliza, "Umefumba macho wewe?" na watu wakadhani ni utani. Nyumbani, Jacky alichuja picha kwenye kompyuta na kutupa zilizoharibika.

Sisi jamaa zake tulijua. Tulicheka naye habari za kamba. Tulifikiri kunyamaza ndiyo heshima. Leo tunasema wazi kwamba haikuwa heshima. Tulikuwa waoga, kwa sababu mtu wa kumwambia Teresiah afunge studio hakuwa amezaliwa kwetu.

Mlango wa pili na studio ni duka la mashuka la Shamso. Alimwita marehemu Mama Sally, naye akaitwa Mama Mahad, na kwa miaka ishirini walifungua na kufunga pamoja. Mama yake Shamso, bibi Shamis, alikataa kamera maisha yake yote. Wajukuu walioko ng'ambo walimwomba mpaka akakubali, mara moja tu, na akataka mpiga picha awe mwanamke. Tarehe 26 Machi 2022 marehemu alikwenda nyumbani kwao peke yake. Kamba aliiacha studio, kwa sababu aliona aibu kuinyoosha mbele ya mama wa rafiki yake. Alipiga mara kumi na moja.

"Zimetokaje?" Shamso aliuliza.

"Poa sana. Mama yako ni mrembo kukushinda."

Shamso alisema zisioshwe kwanza, zingoje Idi. Bibi Shamis alifariki tarehe 19 Aprili, ndani ya Ramadhani. Wiki iliyofuata Shamso alikuja kuchukua picha. Jacky alifungua kadi ya kamera kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza, Shamso akiwa amesimama nyuma yake. Zote kumi na moja zilikuwa ukungu.

"Mama Sally, huyu ni mama yangu ama ni moshi?"

"Mkono ulitikisika."

"Mara kumi na moja?"

Hapo ndipo marehemu aliposema. "Sioni, Mama Mahad. Tangu mwaka jana sioni vizuri."

"Mbona hukusema? Ningeita mtu mwingine."

"Na ningesema, nani angekalia hiki kiti tena?"

Shamso alitoka. Marehemu hakugusa kamera tena. Alifunga studio tarehe 30 Aprili 2022.

Mwaka 2023 figo zilishindwa, akawa anasafishwa damu Jumatatu na Alhamisi. Kila Alhamisi chupa ya chai ya viungo ililetwa hospitalini kutoka kwa Shamso. Haikuwa na sukari hata chembe, na anayejua chai ya Shamso anajua hilo si jambo dogo. Marehemu alimuuliza Sally kila mara:

"Yeye mwenyewe amekuja?"

"Hajakuja, mum."

"Chupa imekuja?"

"Imekuja."

"Haya. Mimina."

Mwezi wa Machi mwaka huu alimtumia Shamso salamu za kuomba msamaha. Jibu halikuja. Ndipo akamwita mpwa wake: "Wewe utaandika. Diploma hukumaliza lakini mdomo ulimaliza. Usiandike nilikuwa hodari ukaruka ya Shamis. Uyasome wote wakisikia." Alifariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 54.

Tumeyasoma, basi. Kwa niaba yake, na kwa kosa letu la kunyamaza, tunaomba msamaha kwa jamii ya marehemu bibi Shamis.

Ameacha mume wake, Javan Wanyoike. Binti zake, Sally na Jacky. Wajukuu wawili, na ndugu wanne. Jumanne iliyopita mabinti walikwenda dukani kumuuliza Shamso kama jina lake linaweza kuwa kwenye orodha hii. Alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena.

"Umemsamehe, auntie?" Jacky aliuliza.

"Bado," Shamso alisema. "Lakini niandikeni."

Ameacha pia rafiki yake, Shamso.

Mungu ampokee Teresiah, amtulize.