Maranda Aliyoyazoa Shemeji

Treni ilipoondoka, seremala aliyeketi mbele yangu alimgeukia mama wa pembeni. "Shemeji yangu alikuwa akizoa maranda karakanani kwangu. Nikadhani ananifagilia! Kumbe anayashindilia yawe vipande vya kuni, anauza. Mbao zilipopanda bei, mimi nikafunga, yeye akaajiri watu."

"Si umpongeze, kaka?"

"Nimempongeza, kwa meno tu."

Nilimwamini, maana hata pale alikuwa akiyasaga.

"Sasa ananiita nikasimamie mafundi wake. Mimi, niliyemwoza dada yangu!"

"Kwani kazi huijui?"

"Naijua. Kumwita bosi ndiko kunakonishinda."

Treni ikasimama. Seremala akainuka. "Kiwanda chake kiko hapa. Nashuka nikamkatalie ana kwa ana," alisema, akijitwika begani sanduku zima la vifaa vyake vya kazi.