Ile Turbo Iliongeza Nguvu ya Kupanda Tu

Leo nimekuja jumuiya kwa miguu yangu mwenyewe, sikubebwa. Mliozoea kunikuta nimejifungia ndani pale Ruhuwiko, nitazameni vizuri. Shule mimi niliishia madarasa ya chini, sitawapambia maneno. Jina la mtu sitalitaja hata moja. Lakini mnanijua, na marehemu wangu mlimjua.

Mwanangu yule, baba wa hawa wajukuu zangu, alikuwa na pikapu ya dizeli. Ilikuwa ile miaka biashara ilipoachiwa huru, mahindi hayasubiri tena ushirika. Mwenye gari anakwenda mwenyewe Madaba, ananunua kwa mkulima, anapakia, anakuja kuuza mjini. Ndugu zangu, nawaambia, ilikuwa mbio. Anayefika kwanza anachagua. Anayefika mwisho anazoa yaliyobunguliwa.

Na pikapu ya mwanangu ilikuwa mvivu wa milima. Wenzake walimpita wakimpungia mkono: "Mzee, ukifika tusalimie!" Alirudi nyumbani amenuna, hata watoto hawamsogelei. Mwisho akaenda Dar es Salaam, akarudi na kidude cha mtumba amekiviringisha kwenye gunia. Chuma kimejikunja kama konokono. Fundi akakifunga kwenye injini.

"Mama, panda nikuonyeshe."

Nikapanda. Tukashika barabara ya Njombe. Tulipoanza mlima nikasikia mluzi.

"We, gari lako limepata pumu?"

"Si pumu mama, ni turbo. Inaisukumia injini hewa."

"Basi isukume polepole, kitambaa changu cha kichwa hiki kitabaki Songea."

Alicheka mwanangu! Kicheko kile ninacho mpaka leo.

Sasa nyie wanaume wenye magari huwa mnaniuliza: bibi, ule ulikuwa uongo wa wauza spea? Haukuwa uongo. Nilikaa kiti cha mbele, nikaona. Gari lilipanda kama mbuzi, zamu hii akawapungia mkono yeye. Msiwaambie vijana wenu kwamba turbo haiongezi nguvu. Watafunga, wataona inaongeza, na hawatawasikiliza tena kwa lolote.

Shida ni kwamba nguvu ikija, mtu anaitafutia kazi. Akaanza kupakia gunia juu ya gunia mpaka springi zinalala. Na gari likibeba vile linakunywa dizeli kama mgeni wa harusi. Sasa wanachofanya madereva wetu hamkijui? Akimaliza kupanda, anazima injini, anaweka gia frii, gari linateremka lenyewe kimya ili mafuta yapone. Mimi wakati ule sikuwa najua.

Siku ile nilipika, nikafunika chakula chake. Nilikuwa nimeuzoea ule mluzi. Nikiusikia kwenye kona, naweka maji ya kunawa. Jua likazama, mluzi hakuna. Waliokuja ni wanaume wamevua kofia. Gari liliacha njia kwenye mteremko, mahindi yakamwagika bondeni, naye yumo ndani.

Kumzika niliweza. Nilichoshindwa ni maneno. Siku ya kuondoa matanga, msemaji wa familia alisimama kuwaeleza watu kilichomuua marehemu, kama tunavyofanya siku zote. Akasema ni ajali. Nyuma ya jiko nikasikia, "Ajali gani? Ni pombe ile, ulanzi wa Madaba." Na mwingine akacheka. Kwenye matanga ya mwanangu!

Alikuwa anakunywa, sikatai. Jumapili, nyumbani, mbele yangu. Kwenye usukani, hapana. Lakini mnong'ono unaukamata wapi?

Halafu mjukuu wangu wa kike akarudi kutoka shule. "Bibi, baba alikuwa mlevi?"

"Hapana."

"Sasa mbona hakushika breki?"

Hapo ndipo nilipoanguka, siyo makaburini. Niliacha kanisa, nikaacha jumuiya hii, shamba likawa pori. Mliniletea uji nikawafungia mlango. Mkwe wangu, mjane wa watu, akawa ananichana nywele kama mtoto.

Mchana mmoja nikasikia mluzi kwenye kona. Uleule. Mwili ukanitangulia: nikaamka, nikamimina maji ya kunawa, nikapakua ugali. Mkwe wangu ananitazama, kaziba mdomo. Pikapu ikasimama. Akashuka dereva, rafiki wa marehemu aliyekuwa akifuatana naye Madaba. Kumbe naye alikuwa amefunga turbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nawa ule."

"Mama, nimepita kukusalimia tu."

"Chakula si chako, lakini mwenyewe haji. Kula."

Akakata tonge. Akaanza kulia, mwanaume mzima, ugali mkononi.

"Mama, siku ile nilikuwa nyuma yake. Hakulewa. Alizima injini. Ukizima, unakanyaga breki mara chache tu, inakuwa ngumu kama jiwe. Gari jepesi unaweza kulishika. Mzigo ule, hapana. Niliziona taa zake za nyuma zinawaka, zinawaka, na mwendo haupungui."

"Na wewe ukanyamaza muda wote huu?"

"Na mimi nilikuwa nimezima, mama. Sote tunazima. Ningesema lake, ningesema letu."

Mwiko ulikuwa mkononi, nao nilikwisha kuunyanyua. Halafu nikaziona zile taa. Mwanangu alikuwa anakanyaga. Alikuwa anakanyaga kwa nguvu zake zote aje ale chakula chake.

Nikauweka mwiko chini. Nikamwita mjukuu wangu. "Njoo hapa usikie. Baba yako alishika breki."

Yule dereva nikamwambia, "Utakuja jumuiya uyaseme haya kwa kinywa chako." Akaja. Alisimama hapa ninaposimama, akayasema. Na wale wa nyuma ya jiko walikuwepo. Hata leo wapo, siwatazami.

Nakushukuru wewe dereva, popote ulipokaa. Ulichelewa, lakini ulisema. Namshukuru mkwe wangu aliyenichana nywele. Nawashukuru ninyi mliorudi na uji wakati mlango nimefunga. Sijapona, msije mkasema bibi amepona. Ila natembea, nalima, na mjukuu wangu darasani, wakimtaja baba yake, anajibu mwenyewe.

Mwenye gari, ongeza nguvu unavyotaka. Lakini jiulize nani amekuuzia nguvu ya kushukia. Na ukifika kwenye mteremko, injini iache ingurume.

Madereva wananijua siku hizi. Wakinikuta barazani wanapiga kelele, "Shikamoo, bibi! Sijazima!" Nawajibu, "Marahaba, nenda." Gari likishuka linanguruma, nakaa naendelea kupukuchua mahindi yangu. Likishuka kimya, naacha kila kitu, nasimama, mpaka nilione limefika chini.