Fundi Aliyevuka Nchi Tano na Begi la Turubai

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama una mtoto mgongoni, mbembeleze huku unasikiliza.

Leo tunamkumbuka fundi cherehani aliyetutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na minane. Wateja wake walimwita Mzee Pindo, maana suruali aliyoipinda yeye ilikaa ikakaa. Wengi wenu mnamkumbuka kwa cherehani. Sisi leo tunamkumbuka kwa safari. Alikuwa na miaka sitini na mmoja alipovuka nchi tano kwa basi, kwa lori na kwa miguu, begi mgongoni. Nchi tano, wasikilizaji. Fedha za ndege hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni binti mjamzito.

Ilikuwa hivi. Binti yake wa pekee alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, huko mbali. Mume wa binti ni baharia, na meli yake isingerudi kabla mtoto hajazaliwa. Mama wa binti alikuwa ameahidi kwenda kumtunza mwanawe siku hizo za uzazi. Kisha mama akafariki. Ahadi ikabaki haina mwenyewe.

Mzee Pindo akaibeba. Dada yake mkubwa anakumbuka vizuri.

"Nilishika kiuno nikamwambia, wewe mwanaume, mambo ya uzazi umeyajulia wapi? Mpigie simu, mpe pole, yatosha. Akaniambia, dada, simu haifui nepi."

Kwanza alikwenda kuuliza bei ya tiketi ya ndege. Akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza karani kwa upole, "Hiyo ni bei ya kiti, mwanangu, au ya ndege yenyewe?" Karani akacheka. Mzee akarudi kibandani kwake.

Sasa, madereva wa malori walikuwa wateja wake. Aliwashonea vitambaa vya viti. Wakamchorea njia kwa chaki ya fundi, kwenye karatasi ileile ya kukatia vipimo: hapa mpaka, hapa daraja, hapa usithubutu kulala. Akashona begi la turubai lenye mikanda mipana. Ndani akatia shati, mkasi, sindano, nyuzi, na vinguo sita vya mtoto. Tarehe ya kujifungua aliijua. Akapiga hesabu: siku ishirini na tatu njiani, angefika siku mbili kabla. Mzee hakumwambia binti kitu. Alijua angemkatalia.

Njiani aliishi kwa sindano. Akifika nyumba ya wageni, ya bei ya chini kuliko zote, swali lake lilikuwa moja: "Nikushonee nini nipate pa kulala?" Akaziba mashuka, akapinda mapazia. Huko alikutana na vijana wanaozunguka dunia na mabegi, na mikanda yao ikikatika aliwashonea. Wao wakamfundisha kuchagua basi la mchana na kujaza maji kabla ya kupanda. Msichana mmoja akamwambia, "Babu, usikimbie hivyo. Safari ni kuona."

"Nami naenda kuona, mjukuu wangu," alimjibu. "Ila naenda kumwona mtu mmoja tu."

Baada ya mpaka wa pili aliambiwa kuna wezi wa pasipoti. Basi fundi akafanya la kifundi. Akaishonea pasipoti ndani ya begi. Kisha, ili mwizi asione mshono mpya, akarudia mishono yote ya begi, kila mmoja sawa na mwenzake. Mganga hajigangi, wasikilizaji. Kwenye mpaka wa tatu afisa akamwomba pasipoti.

"Ninayo. Imo humu."

"Humu wapi?"

"Humu ndani ya begi."

"Itoe basi, mzee."

Akakaa sakafuni, akaanza kufumua. Alifumua mfuko, akafumua kitako, akafumua mgongo. Afisa akainama juu yake. "Mzee, ulikuwa unashona begi au unazika mtu?" Foleni nzima ikacheka. Nje, basi likapiga honi, likapiga tena, likaondoka. Pasipoti ilikuwa kwenye mkanda wa bega la kushoto, mahali pa mwisho alipofumua.

Basi jingine lilikuja baada ya siku nne. Zile siku mbili za akiba zikaisha, na mbili nyingine zikapotea juu yake.

Alifika siku ya ishirini na saba, mchana. Akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akagonga. Tumsikilize binti mwenyewe.

"Nilidhani ni jirani. Kufungua, baba. Ndevu zimeota, begi limeshikizwa kwa pini. Nikamwuliza umetoka wapi, akasema, 'Nyumbani.' Kisha akamwona mtoto begani kwangu. Akauliza, 'Lini?' Nikamwambia, juzi alfajiri. Akauliza ulikuwa na nani. Nikasema, na mkunga. Akakaa palepale kwenye ngazi, akalia. Halafu akafuta uso akauliza nepi ziko wapi."

Alikaa miezi mitatu. Alifua, alipika, alitembea na mjukuu chumbani ili mama mtu apate usingizi. Lakini zile siku mbili hazikumtoka moyoni. Watu wakimsifu kwa nchi tano, aliinamia cherehani yake. Wakimwambia kawia ufike, alisema, "Methali hiyo huipenda waliochelewa." Alijiona kama aliyevunja ahadi ya marehemu mkewe.

Mwezi uliopita, binti alikuja kumwuguza. Siku moja, akimlisha supu, baba akashika mkono wenye kijiko. "Mwanangu, nisamehe zile siku mbili."

Binti anasema aliweka bakuli chini. "Nikamwambia, baba, kuzaa nilizaa mkunga akiwepo, na nilikuwa na nguvu. Siku uliyogonga ndiyo sikuwa nazo. Mtoto alikuwa analia tangu asubuhi, maziwa hayatoki, na mimi nilikuwa nimeshavaa viatu. Nilitaka kumwacha kitandani nitoke, niende popote. Nilikuwa nimeushika mlango."

Mzee akauliza, "Mbona hukuniambia?"

"Niliona aibu, baba."

Akaomba supu. Binti anasema aliimaliza yote, kwa mara ya kwanza tangu alipokuja.

Wasikilizaji wapendwa, kwa binti, kwa mkwewe baharia, kwa dada mtu, na kwa mjukuu ambaye sasa ana miaka kumi na saba, tunawapa pole kwa moyo wote. Mungu awape subira, na amlaze fundi wetu pema.

Nasi tuliobaki tujiulize. Pengine yupo mtu aliyekugongea siku ambayo ulikuwa umeshaushika mlango, na hadi leo anadhani alichelewa. Kama bado anasikia, mwambie.