Godavari, Aliyeitwa Mangala

Ndugu, jamaa na majirani mliofika leo tarehe 3 Machi 2023, siku ya kumi na tatu ya msiba wetu hapa Pune, mimi ni Pramila, dada mdogo wa Vasant, yaani wifi wa marehemu, nimeombwa na familia niwasomee maisha yake, ila karatasi aliyoniandalia kaka yetu mkubwa Bhalchandra inaanza na jina la Mangala Vasant Dandekar, nami nimeikunja nikaiweka kando, kwa sababu mtu huanzia alipozaliwa, haanzii alipoolewa.

Marehemu alizaliwa mjini Wai tarehe 3 Oktoba 1956, mtoto wa pili wa mwalimu Shripad Limaye na mkewe Yamuna, wakamwita Godavari, akasoma hukohuko Wai hadi akamaliza sekondari, akaja Pune kusomea fasihi ya Kimarathi, akahitimu mwaka 1977, akafundisha shule ya wasichana mpaka alipoolewa, na wawili kati ya wanafunzi wake wamekaa pale nyuma, wao wenyewe wameshaota mvi.

Tarehe 11 Mei 1979 alifunga ndoa na kaka yangu Vasant, na kama ilivyo desturi yetu, bwana harusi alishika pete ya dhahabu akaandika jina jipya la mkewe kwenye sinia ya mchele, Mangala, watu wakapiga makofi, wakalishana vitamu, na kuanzia saa ile halikubaki jina lake hata moja, si la kwake, si la baba yake, si la ukoo wao. Wiki ileile mama yetu alimwita kutoka chumba cha sala, "Mangala! Wee Mangala!", naye akaendelea kupeta mchele, kwa kuwa hakujua kwamba anayeitwa ni yeye, mama akatoka na bilauri ya shaba akamrushia, na kovu lile juu ya jicho, ambalo wengi mliambiwa aliteleza bafuni, lilipatikana siku hiyo, nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwepo. Baba yake alipokuja kumjulia hali akauliza mlangoni, "Godavari yupo?", akajibiwa, "Hapa hatuna mtu wa jina hilo," na yule mzee, aliyemchagulia mwanawe jina hilo, akavua kofia yake, akasema, "Basi naomba kumwona Mangala."

Tarehe 8 Julai 1982 walijaliwa mtoto wao wa pekee, Mrunal, ambaye yuko nasi hapa.

Mwaka 2004 marehemu alipata kazi ya kuandika mazungumzo ya tamthilia ya televisheni iliyohusu mke mpya, na nyote mnazijua tamthilia zetu, mke mpya analala na dhahabu shingoni, mama mkwe akikunja uso tu radi inapiga, lakini yeye aliandika mke anayekula wa mwisho, chapati imeshapoa, amesimama kando ya jiko, anayeomba ruhusa ya kuwapigia simu wazazi wake kisha anawaambia yu mzima huku mama mkwe yuko nyuma ya bega lake, na siku moja akaandika mke anayeitwa asiitike. Mtayarishaji, kijana wa Mumbai, akamwuliza, "Mama, huyu bibi harusi wako ni kiziwi?", akamjibu, "Si kiziwi, baba. Hajazoea." Mama yetu, aliyefariki mwaka 2010, alikuwa haikosi tamthilia ile, na jioni kilipoonyeshwa kipande hicho alijipiga paja kwa hasira akasema, "Mkwe gani huyu, anaitwa anajitia hamnazo! Angekuwa wangu angenitambua," na aliyekuwa akimmiminia chai alikuwa marehemu mwenyewe, ambaye aliuliza tu, "Sukari inatosha, mama?", nami nilikimbilia chumbani, nikacheka mpaka nikalia, na kilio hicho hakikuwa cha kicheko.

Jambo moja aliliomba, kwamba jina la mwandishi lisomeke Godavari Limaye, na kaka Bhalchandra akamwambia, "Huyo Godavari ni nani? Unataka watu waseme Vasant ana wake wawili?", Vasant akawa anasoma gazeti, na jina likaandikwa Mangala Dandekar, miaka yote mitatu ya tamthilia ile.

Tarehe 2 Februari mwaka huu alipatwa na kiharusi akiwa jikoni, akalazwa, wauguzi wakamwita "Mama Mangala, Mama Mangala," hakujibu, daktari akasema mgonjwa hasikii tena, lakini nilipoinama nikamwita Godavari alifungua macho, akatazama mlangoni kana kwamba kuna mgeni, na hivyo ndivyo alivyokuwa kila nilipomwita, hadi alipofariki asubuhi ya tarehe 19 Februari.

Siku ya kumi tulipeleka matonge ya wali mtoni, tukasubiri kunguru aguse ili tujue ameondoka ameridhika, kunguru wakajaa mtini na hakushuka hata mmoja, kaka Bhalchandra akaahidi, "Mrunal tutamtunza," akaahidi, "Hadithi zako tutazichapisha," jua likawa kali, mwishowe kuhani akasokota kunguru wa majani, akamgusisha kwenye matonge, tukarudi nyumbani kula. Sisemi kwamba kunguru anajua majina ya watu, ila naumia kwamba tulimwahidi kila kitu, kasoro kile kimoja alichokiomba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia siku zote ambazo jiko letu halikuwashwa, na waigizaji na mafundi wa picha waliosafiri kutoka Mumbai.

Pumzika sasa, Godavari binti Shripad, hakuna atakayekutuma tena. Kaka Vasant, sadaka ya leo ndiyo ya mwisho, kuhani atauliza jina la marehemu, na anayepaswa kujibu ni mume peke yake. Tunakusikiliza.