Aune Aliyeizunguka Ghuba

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Aune Kettunen, mtunza mimea wa Helsinki, aliyefariki wiki iliyopita akiwa na miaka themanini na mitatu. Kwa miaka thelathini Aune alifanya kazi kwenye ile nyumba ya vioo ya umma ya kutunzia mimea, juu kidogo ya ghuba ya Töölö. Miaka thelathini, majira yote.

Mnatujua sisi wa huku. Kumwacha mtu na ukimya wake ndiyo adabu. Aune naye alipitiliza. Binti yake, Marketta, ananiambia huku akicheka: "Mama akisikia jirani yuko kwenye ngazi, anajibanza nyuma ya mlango mpaka apite. Eti asimsumbue!"

Basi kila asubuhi saa nne, mzee mmoja mwenye kofia ya kijani alikuja kukaa kwenye benchi, karibu na dungusi, ile mimea ya miiba. Aune akimwagilia, mzee akisoma gazeti. Salamu hakuna. Miaka sita, wasikilizaji, hata jina hakulijua!

Januari moja mzee hakutokea. Siku ya pili, hola. Njia ya ukingoni mwa ghuba ilikuwa barafu tupu, na Aune akahofu kwamba mzee ameteleza. Akaweka ndoo chini, akavaa koti, akashuka. Kisha akafanya jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya maishani: akaanza kuwasimamisha watu.

"Samahani, unamjua mzee wa kofia ya kijani?"

Wakimbiaji walimkwepa, wakidhani amelewa. Hakukoma. Aliizunguka ghuba karibu yote, mpaka mama mmoja mwenye mbwa akamwonyesha jengo. "Anakaa pale, ghorofa ya pili."

Aune akamwita msimamizi wa jengo, naye alipofungua mlango, walimkuta mzee sakafuni jikoni, nyonga imevunjika tangu jana yake. Alikuwa hai. Akamkazia Aune macho.

"Mama wa maua! Kumbe unaongea?"

"Mzee, nyamaza, gari la wagonjwa linakuja."

"Miaka sita nimenyamaza nisikuudhi, na leo ndiyo unaniambia ninyamaze?"

Huyo ndiye Reino Hakkala. Daktari alisema siku moja zaidi asingepona. Tangu hapo Aune alimsalimia kila aliyeingia kwenye nyumba ile ya vioo. Watu walishtuka, kisha wakazoea, kisha wakaanza kusalimiana wenyewe. Kwa hilo, Aune, tunakushukuru sana.

Juzi, kwenye kahawa inayonywewa baada ya maziko, Reino alisimama na fimbo yake. Ana miaka tisini na mmoja. Alisema atatoa shukrani mbili tatu tu. Aliongea saa nzima, kahawa ikapoa, na hakuna aliyetaka akae.

Marketta, pole sana kwa kufiwa na mama. Mzee Reino, pole kwa kuondokewa na rafiki. Na wewe unayesikiliza, yuko mtu unayemwona kila siku na humjui jina. Akikosekana kesho, utamuulizia vipi?