Mzee Ongden na Bakuli la Bibi Chandrakala

Ifikapo tarehe 30 Aprili, Mzee Ongden Lepcha atastaafu baada ya kukitumikia kitalu chetu cha madungusi hapa Kalimpong kwa miaka thelathini na saba. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wenye heshima. Mimi ni mfungashaji tu, lakini heshima nitaijaribu.

Alianza mwaka 1987 akibeba kokoto kutoka mto Relli. Baada ya miaka miwili akahamishiwa kwenye meza ya mabakuli ya kioo, na hapo ndipo alipoweka makao. Kokoto chini, juu yake makaa yaliyopondwa, kisha mchanga, halafu madungusi na mimea mingine minene ya jangwani, yote ikipangwa kwa koleo la kugeuzia nyama ambalo mkewe alilikataza lisirudi tena jikoni. Mkono wake wa kulia una miiba iliyokaa kazini muda mrefu kuliko baadhi yetu.

Adui yake alikuwa mmoja tu, maji. Bakuli la kioo halina tundu, na mvua ya hapa kwetu mnaijua. Kwa hiyo kila mteja alihojiwa kama mshukiwa.

"Dada, una watoto?"

"Ninao."

"Basi wanyweshe hao. Hili liache."

Wateja wa Kolkata walikuwa wakienda kumshtaki ofisini, kisha mwaka unaofuata wanarudi kununua bakuli jingine, vichwa chini.

Ila kuna mtu mmoja ambaye Mzee hakuwahi kumkataza. Bibi Chandrakala, mama wa mwenye kitalu, Bwana Udai Mani Pradhan, ana bakuli la dungusi aliloachiwa na marehemu mumewe. Linakaa barazani kando ya mrehani, na kila alfajiri Bibi anapoumwagia mrehani maji ya ibada, bakuli nalo hupata fungu lake. Husema kwamba nyumbani kwake hanyimwi mtu maji. Tena alishatangaza mbele ya watoto na wajukuu: "Siku bakuli hili likifa, mniandalie kuni za kunichomea."

Nani angethubutu kumkataza? Dungusi linaloogeshwa kila siku huoza upesi. Basi kwa miaka kumi na tisa, kila Jumamosi akitoka sokoni, Mzee Ongden amekuwa akipanda mlima kwa Bibi na kikapu chake, na chini ya mboga za haradali limelala dungusi jipya. Bibi akiingia jikoni kuchemsha chai, Mzee humwondoa marehemu na kumsimika mrithi aliyefanana naye. Chai ikija, Bibi anamkuta ameketi kama mtu asiye na maiti kikapuni. Bibi naye huwaambia majirani kwamba siri ni maji ya ibada. Wamemfuata wote, na wote ni wateja wetu wazuri sana.

Tulipoona Mzee anastaafu, na magoti yake yameanza kugombana na mlima, tukaingiwa na huruma. Huruma ya watu wengi ni jambo la hatari. Bwana Udai Mani aliazima mashine ya shemeji yake, daktari wa meno, na Bibi alipokwenda hekaluni tukalitoboa bakuli tundu chini na kuliweka juu ya chungu. Maji yakawa yanapita moja kwa moja. Wiki ikaisha, dungusi zima. Tukapongezana kama tuliomtibu mgonjwa.

Jumamosi Mzee alirudi kitaluni na kikapu chake vilevile, dungusi jipya bado limo ndani, amenuna.

"Nani aliwatuma?"

Nikamwuliza kwa nini yeye, fundi aliyetufundisha sisi wote, hakulitoboa tundu hilo miaka yote hiyo. Alinitazama kama vile amenifuma na ndoo ya maji.

"Pabitra, mwanangu, ningetoboa, ningekuwa napanda kule kufanya nini? Kuuliza saa?"

Mke wa Mzee alifariki miaka ishirini iliyopita. Nalijua hilo, nilikwenda msibani, na bado halikunijia akilini mpaka dakika ile. Niliona aibu mno. Tulikuwa tumemmwagia mzee wa watu Jumamosi zake zote kwa mashine ya meno, na kwa siku tatu alipanga mabakuli bila kumsuta mteja hata mmoja.

Jumanne simu ya ofisi ikalia. Alikuwa Bibi Chandrakala, amekasirika.

"Bakuli langu linaharisha! Nimeliziba kwa donge la unga. Mwambieni Ongden aje Jumamosi alitazame, na asiniletee habari za kustaafu."

Mzee Ongden, kwa niaba ya wote uliotufundisha, uliotugombeza na uliotuchomoa miiba, tunakushukuru kwa moyo wote. Mungu akupe umri mrefu na magoti mapya. Mwenye kitalu ameagiza upewe dungusi moja kila wiki, na mlinzi wa langoni asikuulize unalipeleka wapi. Pumzika vizuri siku sita za wiki.